Spea orijino au feki? Blokcheni ni nini, na inaweza kutusaidia wapi

Beringi ya mashine ya kusaga inayouzwa leo Sikonge au Kaliua imepita mikono mingi kabla ya kufika dukani. Imetoka kiwandani, pengine China au India, ikapanda meli, ikashuka bandari ya Dar es Salaam, ikapita forodha, ikakaa ghalani Kariakoo, ikapakiwa kwenye basi au lori hadi Tabora mjini, kisha ikamalizia safari juu ya bodaboda. Kila aliyeishika alimwambia anayefuata maneno yale yale: "Hii ni orijino."

Mwenye mashine hana pa kuhakikisha. Kama beringi ni feki, itaungua mapema, mashine itasimama, na akina mama watabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili. Kwa dereva wa bodaboda hali ni mbaya zaidi, kwa sababu breki feki haikupi nafasi ya kurudi dukani kudai.

Siku hizi kuna teknolojia inayotajwa kuwa dawa ya tatizo hili. Inaitwa blokcheni. Wengi wetu tumelisikia neno hilo likiambatana na sarafu za mtandaoni kama Bitcoin. Hapa tunaeleza upande wake mwingine, ule wa kufuatilia mizigo na vipuri, na tunaeleza pia mahali inapokwama.

Njia ni ile ile, karatasi zimeongezeka

Sisi wa Tabora tunaijua biashara ya mbali. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa, ikaendelea hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa, shanga na nyaya kuja bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Tajiri wa Unguja alikopesha mali leo, akasubiri miezi mingi kabla ya kuona faida au hasara. Aliyetoa mali hakuweza kuona kinachotokea njiani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928. Leo kuna barabara ya lami, na reli ya kisasa inajengwa kuja huku. Mzigo unakwenda haraka zaidi, lakini anayelipa bado yuko mbali na mali yake, na kilichopo katikati ni karatasi.

Chukua mfanyabiashara wa Bujumbura au Kalemie anayenunua spea Dar es Salaam na kuzipitisha Kigoma. Kuna muuzaji, wakala wa forodha, mwenye lori, forodha za nchi mbili na wenye meli ya ziwani. Kila mmoja ana daftari au kompyuta yake. Namba moja ya kontena ikitofautiana kati ya karatasi mbili, mzigo unaweza kulala, na gharama ya kulala huko mwishowe huongezwa kwenye bei ya spea.

Mwaka 2014 kampuni ya meli ya Maersk ilifuatilia kontena moja la maua na maparachichi kutoka Kenya hadi Uholanzi. Ilibaini kwamba karibu watu na taasisi 30 zilihusika na kontena hilo moja. Safari ilichukua siku 34 hivi, na siku 10 kati ya hizo zilikuwa za kusubiri nyaraka. Karatasi moja muhimu ilipotea, ikaja kuonekana baadaye katikati ya rundo la karatasi nyingine.

Blokcheni ni nini? Fikiria kikundi cha VICOBA

Njia rahisi ya kuielewa blokcheni ni kufikiria kikundi cha kuweka na kukopa. Vikundi vingi vina sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Mkutano unapofungwa, salio linatajwa kwa sauti na wanachama wote wanalishika kichwani. Wiki inayofuata, kabla ya sanduku kufunguliwa, wanachama wanaulizwa: tuliacha shilingi ngapi? Katibu akiwa amebadilisha daftari nyumbani kwake, atakamatwa hapo hapo, kwa sababu kumbukumbu haiko kwake peke yake.

Blokcheni inafanya hivyo kwa kutumia kompyuta. Badala ya daftari moja kukaa kwa mtu mmoja, nakala yake inakaa kwa wahusika wengi kwa wakati mmoja: mwenye kiwanda, mwenye meli, forodha, mwenye ghala. Likiandikwa jambo jipya, nakala zote zinalipata.

Kuna jambo la pili. Kila ukurasa mpya unabeba alama maalumu iliyotokana na ukurasa uliotangulia, mfano wa alama ya kidole. Mtu akirudi nyuma kufuta neno moja kwenye ukurasa wa tatu, alama hiyo haitalingana tena na iliyoko ukurasa wa nne, na wote wataona. Ndiyo maana inaitwa cheni, yaani mnyororo. Pete moja ikiguswa, mnyororo wote unatikisika.

Kwa hiyo blokcheni haizuii mtu kuandika uongo. Inazuia mtu kubadilisha kimyakimya kilichokwisha kuandikwa. Tofauti hii ni kubwa, na tutairudia.

Inavyotumika kwenye vipuri

Miongoni mwa waliotangulia kuitumia kwenye spea ni watu wa ndege, kwa sababu kwao kipuri feki ni roho za watu. Mwaka 2018 kampuni ya Honeywell ya Marekani ilianzisha soko la mtandaoni la vipuri vya ndege vilivyokwisha kutumika, ambapo historia ya kipuri huwekwa kwenye blokcheni. Mnunuzi anaona kilitoka wapi na nani alikithibitisha.

Umuhimu wake ulionekana mwaka 2023. Kampuni moja ya Uingereza iligundulika kuwa imeuza vipuri vya injini za ndege vikiwa na vyeti vya kughushi. Mafundi nchini Ureno walitilia shaka kipuri kimoja, wakamuuliza mtengenezaji, naye akasema cheti kile si chake. Ilipochunguzwa, injini zaidi ya 100 duniani zilikutwa na vipuri vya aina hiyo. Hao ni watu wenye wahandisi na maabara, na bado karatasi iliwadanganya.

Jirani zetu nao wamejaribu. Rwanda, mwaka 2018, kampuni ya Circulor ilianza kufuatilia kwa blokcheni madini ya tantalamu, yanayotumika kwenye simu tunazoshika. Mifuko ya madini ilipewa kile kimraba chenye vidoti kiitwacho QR, na mchimbaji anayeleta madini alitambuliwa kwa sura. Nchini Kenya, shirika la TradeMark East Africa, ambalo sasa ni TradeMark Africa, lilishirikiana na taasisi ya IOTA kujaribu mfumo ambao nyaraka za maua yanayokwenda nje zinaonekana kwa wahusika wote bila kusafirisha karatasi.

Ilipokwama

Mradi mmoja mkubwa ulishindwa. Maersk, baada ya lile kontena la Kenya, iliungana na IBM na mwaka 2018 wakaanzisha mfumo wa TradeLens wa kufuatilia makontena duniani. Novemba 2022 walitangaza kuufunga, na mwanzoni mwa 2023 ukazimwa.

Mashine zilifanya kazi. Kilichokosekana, kwa maelezo ya wenyewe, ni ushirikiano kamili wa sekta nzima. Jiulize: ungekuwa na duka la spea, ungekubali kuandika bei na wateja wako kwenye daftari lililoanzishwa na mshindani wako? Kikundi kinasimama kwa wanachama kukubali kukaa pamoja. Sanduku zuri peke yake halitoshi.

Udhaifu wa pili uko mwanzoni mwa safari. Blokcheni inalinda maandishi, haiishiki beringi yenyewe. Mtu akifungua boksi halali Kariakoo, akatoa beringi orijino na kuweka feki, daftari litaendelea kusema orijino, tena kwa sauti ya kujiamini. Kama wa kwanza kuandika ni mwongo, tumehifadhi uongo mahali ambapo haufutiki. Wakulima wa tumbaku watalielewa hili vizuri: stakabadhi ya kompyuta ni nzuri, lakini kama mzani haukuwa sawa, kompyuta imeandika uzito wa uongo.

Ndiyo maana teknolojia hii haiondoi kazi ya mkaguzi, wa fundi wala ya Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ndiyo inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia.

Tulicho nacho tayari

Zipo njia za uhakiki zinazofanya kazi hapa kwetu bila blokcheni. Vinywaji na sigara zina stempu za kielektroniki tangu mwaka 2019, na programu ya simu ya Hakiki Stempu inakuonyesha kama stempu ni halali. Mbegu zilizothibitishwa na TOSCI zina lebo ya kukwangua yenye namba unayoihakiki kwa simu, hata ya kitochi. Risiti ya EFD nayo inahakikiwa kwenye tovuti ya TRA.

Spea za bodaboda na mashine za kusaga hazina mfumo wa pamoja wa namna hiyo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo pa kuanzia: namba moja kwenye kila boksi la spea, inayohakikiwa kwa simu ya kitochi. Kama nyuma yake kutakuwa na blokcheni au daftari la kawaida, hilo ni suala la wataalamu. Mkulima wa Urambo anahitaji jibu kabla ya kutoa hela.

Ufanye nini leo

Dai risiti ya EFD kila ununuapo spea, na uangalie kama imeandika jina la kifaa na bei uliyolipa. Bila risiti huna pa kuanzia madai.

Linganisha namba iliyochongwa kwenye kifaa na iliyoandikwa kwenye boksi. Nenda na fundi na kifaa cha zamani. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote, uliza kwa nini.

Tunza boksi na risiti hadi spea ithibitike. Ukiuziwa feki, vitu hivyo ndivyo ushahidi wako mbele ya FCC.

Kama unavuka mpaka na mzigo mdogo, kumbuka kwamba utaratibu rahisi wa Afrika Mashariki, wa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama na zilizo kwenye orodha. Spea iliyotengenezwa China haiingii humo, hata kama umeinunua Kariakoo.

Mwisho, akija mtu kijijini akisema mchange fedha "kwenye blokcheni" zizae kila wiki, mwacheni apite. Blokcheni ni daftari, na daftari halizai. Benki Kuu ilikwisha kutoa tahadhari kuhusu sarafu za mtandaoni mwaka 2019. Anayeahidi faida ya haraka kwa kutumia neno gumu anategemea usimuulize maana yake. Muulize mbele ya watu.