Namba za Kwenye Boksi la Projekta

Kati ya namba zote zinazochapwa kwenye boksi la projekta, ile ya lumeni ndiyo huandikwa kwa herufi kubwa zaidi, na ndiyo inayopaswa kusomwa kwa tahadhari kubwa zaidi. Lumeni ni kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye chombo, ilhali mwanga unaotua juu ya kila mita moja ya mraba ya skrini hupimwa kwa luksi, ambazo hupatikana kwa kugawa lumeni kwa eneo la picha. Projekta ya lumeni 3,000 inayotoa picha yenye upana wa mita 2 na kimo cha mita 1.125 huipa skrini takriban luksi 1,330. Upana huo ukifikishwa mita 4, eneo huwa mara nne na mwanga hushuka hadi luksi 333 hivi, ndiyo maana chombo kinachong'ara ofisini hufifia kikipelekwa ukumbini. Zaidi ya hayo, lumeni za ANSI, zilizopewa jina la taasisi ya viwango ya Marekani, hutokana na wastani wa vipimo vya sehemu tisa za picha, hivyo namba kubwa isiyotaja kanuni yoyote ya upimaji haifai kulinganishwa nazo.

Hila ya pili imo katika pikseli, yaani vitone vinavyoijenga picha. Picha ya 1080p ina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla 2,073,600. Projekta nyingi za bei nafuu hutangazwa kuwa zinapokea 1080p, na tangazo hilo si uongo, kwa kuwa huipokea kweli, kisha huipunguza ili ienee kwenye bamba la ndani linalounda picha, ambalo pengine lina vitone 854 kwa 480 tu, takriban moja ya tano ya vile vilivyotumwa. Mnunuzi anapaswa kuulizia pikseli halisi za bamba.

Uwiano wa weupe na weusi, kwa mfano 10,000:1, una utata wa aina nyingine, kwa sababu projekta haina uwezo wa kurusha weusi: sehemu nyeusi ya picha ni mahali ambapo mwanga haukutumwa, na dirisha likiwa wazi, weusi huo hugeuka kijivu hata kama chombo ni cha thamani kubwa. Namba hizo kubwa hupatikana kwa kulinganisha picha nyeupe tupu na nyeusi tupu gizani. Kipimo cha miraba 16 ya rangi hizo mbili, inayooneshwa kwa pamoja, hutoa namba ndogo zaidi na ya kuaminika zaidi.

Projekta ikiinamishwa, picha hupanuka upande mmoja, na marekebisho ya kidijitali huinyoosha kwa kuacha baadhi ya pikseli bila kazi, hivyo ni afadhali kusogeza meza. Umbali wa kuiweka meza hiyo huongozwa na uwiano wa urushaji, ambao ni umbali kutoka lenzi hadi skrini ukigawanywa kwa upana wa picha: uwiano wa 1.5 hudai mita 3 kwa picha ya mita 2. Katika banda la video lenye mabenchi hadi karibu na ukuta, uwiano ulio chini ya 1 huruhusu chombo kukaa mbele ya watazamaji, bila vivuli vya vichwa vyao kuingia kwenye picha.