Maradhi ya Akili si Aibu ya Ukoo
Ni mara ngapi posa hukataliwa kwa kuwa katika ukoo ule yumo mgonjwa wa akili? Tangu Hans Berger wa Ujerumani aliponasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa mwanadamu mwaka 1924, wataalamu wamebaini kuwa mapacha wa kufanana hushabihiana mno katika mawimbi hayo. Wenye maradhi ya skizofrenia huonesha hitilafu ndani yake, na hata baadhi ya ndugu zao wazima huwa nayo. Lakini tuzingatie: pacha mmoja akiugua, mwenziwe mwenye urithi uleule husalimika katika nusu ya hali hizo au zaidi. Kinachorithiwa ni mwelekeo, si hukumu. Basi tusimfiche mgonjwa, wala tusiwanyime nduguze ndoa. Tumpeleke hospitali mapema, kwani matibabu yapo.