Ujira wa Rugaruga: Utumishi wa Askari wa Kawaida wa Miguu na Athari Zake katika Buha, Karne ya 19

Makala haya yanaeleza utumishi wa rugaruga, askari wa miguu wa Mtemi Mirambo wa Urambo, na namna utumishi huo ulivyoifikia Buha. Katika karne ya 19 eneo la Kasulu lilikuwa chini ya Heru, na Kibondo chini ya Muhambwe. Wasafiri wa Kizungu walizoea kumwita rugaruga mnyang'anyi. Jina hilo lina ukweli ndani yake, ila linaficha jambo la msingi: unyang'anyi ndio uliokuwa mshahara wake.

Rugaruga hakulipwa kwa mwezi wala kwa msimu. Alipigana ili apate fungu la nyara: nguo, mifugo, mateka, bunduki. Wengi walikuwa watu waliokwisha kukatika na koo zao, wakiwemo mateka wa vita vya awali, watumwa waliotoroka na wapagazi walioacha misafara. Mirambo alimweleza Stanley, walipokutana Aprili 1876, kwamba vijana humfaa zaidi vitani kuliko wanaume wenye wake na watoto. Kijana wa namna hiyo hakuwa na shamba la kurudia. Jeshi lililoundwa naye halikuweza kukaa kitako muda mrefu, kwa kuwa amani ilimkatia riziki.

Silaha yake kuu ilikuwa gobori. Baruti ilimiminwa mdomoni mwa mtutu, ikashindiliwa kwa mti, kisha risasi ikafuata. Kazi hiyo ilichukua muda ambao adui mwenye mkuki aliweza kuutumia kumfikia. Ndiyo maana rugaruga alitegemea kuvizia. Mfano ulio wazi ni wa Agosti 1871, Waarabu wa Tabora walipomshambulia Mirambo. Kikosi cha Soud bin Said kiliteka boma la Wilyankuru, kikaanza safari ya kurudi kikiwa kimeelemewa na pembe na mateka. Rugaruga walikuwa wamelala majanini kando ya njia. Soud aliuawa pamoja na wengi wa watu wake. Nyara zilizomvuta askari vitani ndizo zilizomwondolea wepesi wa kujihami.

Vita hivyo viliigusa Buha kwanza kupitia barabara. Njia ya kawaida kutoka Tabora hadi Ujiji ilizibwa, hivyo Stanley akazunguka kusini, akapita Uvinza na kuingia Buha Novemba 1871. Huko alidaiwa hongo kubwa mara kwa mara, hata akaamua kutoroka usiku akiongozwa na mtu aliyeijua nchi. Kwake yalikuwa maonevu. Kwa watawala wa Kiha yalikuwa mapato halali ya wenye nchi.

Mapato hayohayo ndiyo yaliyomvutia Mirambo. Mwishoni mwa miaka ya 1870 majeshi yake yaliingia Uvinza na sehemu za kusini za Buha. Aliyeishika Uvinza alishika chumvi yake pamoja na vivuko vya mto Malagarasi. Kwa rugaruga mwenyewe, hata hivyo, hesabu ilikuwa nyepesi zaidi. Buha ilikuwa nchi ya ng'ombe, na ng'ombe, tofauti na pembe ya ndovu, hahitaji mpagazi: hutembea mwenyewe hadi kwa aliyemteka. Waha walikuwa wamekwisha kuonja mashambulizi ya namna hiyo kutoka kwa Watuta, tawi la Wangoni lililotoka kusini. Mpiga upinde alijua kilima chake vema, lakini hakuweza kukilinda kilima na zizi kwa wakati mmoja.

Mirambo alifariki Desemba 1884. Jina la rugaruga halikufa naye. Wajerumani waliwatumia askari wasaidizi walioitwa hivyo katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, na tena katika vita vya 1914 hadi 1918. Askari wa serikali alikuwa na mshahara unaojulikana. Rugaruga aliyetembea kando yake katika Maji Maji aliendelea kutegemea nyara.