Maksai mchanga hafunzwi kwa fimbo

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Muumba wa wanadamu na wanyama, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), watu wa nyumba yake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tumeona tulizungumzie jambo ambalo kwa mkazi wa mjini huenda likaonekana dogo, lakini kwa mkulima wa Kishapu, Kahama au Geita ndilo linaloamua iwapo familia yake itavuna cha kuitosha mwaka mzima au la. Jambo lenyewe ni namna tunavyomwingiza kazini mnyama mchanga. Kila mwaka, mvua za mwezi wa Novemba zinapokaribia, utawaona vijana wakimvuta dume lililohasiwa juzijuzi, wakilifunga nira kwa mara ya kwanza na siku hiyo hiyo kulitia shambani likokote plau. Likigoma hupigwa, likilala hupindwa mkia, likikimbia huitwa korofi na kupelekwa mnadani. Tunauliza: je, mkorofi hapo ni mnyama au ni mwalimu wake?

Tuanze na mafundisho. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi mjini Madina. Wengi wetu tunaisimulia habari hiyo ili kuthibitisha uhalali wa mashindano, kisha tunaishia hapo. Lakini ndani yake mna elimu nyingine. Farasi waliokuwa wamekwisha kuandaliwa kwa lishe na mazoezi walikimbia kutoka Hafyaa hadi Thaniyatul Wadaa, masafa ambayo wapokezi waliyakadiria kuwa maili tano au sita. Wale ambao hawakuandaliwa walipewa masafa mafupi, kutoka Thaniya hadi msikiti wa Bani Zuraiq, kiasi cha maili moja tu. Basi zingatia, ewe msomaji, kwamba ingawa wote walikuwa ni farasi, kila kundi lilipewa mzigo wake kwa kadiri ya maandalizi yake.

Aidha, katika Sahihi Muslim tunasoma kwamba mama wa waumini Aisha (R.A.) alipanda ngamia mwenye ugumu, akawa anamrudisha huku na huko, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza kwenye upole. Tuelewe vyema kwamba upole ulitakiwa hasa kwa yule ngamia mgumu. Ama mnyama mtulivu, hata asiye na subira humudu kwenda naye.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya farasi na ngamia, na sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna farasi wa mbio. Ni kweli. Anayetaka kuwaona farasi wa mbio katika eneo letu la Afrika Mashariki atakwenda uwanja wa Ngong, jijini Nairobi. Huku kwetu farasi hakuweza kustawi kwa sababu ya maradhi, yakiwemo nagana yanayoenezwa na mbung'o. Mbung'o hao walikuwa tishio kubwa kiasi kwamba wakati wa utawala wa Waingereza, Shinyanga ndiyo iliyofanywa makao ya utafiti wa mbung'o katika Tanganyika, chini ya Charles Swynnerton, aliyeongoza kazi hiyo hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Kwa hiyo mnyama wetu wa kazi akawa ng'ombe mwenye nundu, na kando yake punda. Kilimo cha pamba kilipopanuka Usukumani, plau ya kukokotwa na ng'ombe nayo ikaenea, na hadi leo maelfu ya kaya hutegemea shingo za maksai.

Sasa tuutazame ufundi wenyewe, kwani nasaha isiyo na maelezo haimsaidii mkulima.

Kwanza ni umri. Ng'ombe wetu wa asili hukua taratibu kuliko wa kizungu. Wakufunzi wa wanyama kazi hupendekeza mafunzo yaanze akiwa na umri wa baina ya miaka miwili na nusu na mitatu, wakati ambapo meno ya kudumu ya mbele yamekwisha kuanza kuota. Akitiwa nirani kabla ya hapo, mifupa na maungio yake hulemewa; akiachwa hadi miaka mitano, atakuwa na nguvu nyingi na mazoea yake mwenyewe. Hata katika nchi za mbio za farasi, mjadala wa kuwashindanisha farasi wa miaka miwili haujakwisha, kwa sababu mifupa ya mnyama wa umri huo bado haijakomaa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Nasi tunaongeza kwamba waliagiza kumkunja, hawakuagiza kumvunja.

Pili ni mazoea kabla ya kazi. Ndama anayeguswa, anayepapaswa shingo na miguu, anayepewa chumvi au pumba mkononi na kuitwa kwa jina lake tangu udogoni, atakuwa amekwisha kujifunza nusu ya somo siku atakapofungwa kamba. Mnyama huogopa asichokijua. Mwenye kuondoa hofu hiyo mapema hahitaji fimbo baadaye.

Tatu ni hatua. Siku za mwanzo mnyama hufungwa kamba na kuzoeshwa kusimama, kisha huongozwa kutembea. Baada ya hapo huvalishwa nira bila mzigo, na ni bora aambatanishwe na maksai mzee aliyekwisha kuhitimu, maana mwanafunzi hujifunza kwa jirani yake mengi ambayo mwenye nyumba hawezi kumweleza. Ndipo hukokota gogo jepesi, kisha gogo zito zaidi, na mwishoni plau katika udongo uliokwisha kulainika. Kila somo liwe fupi, lifanyike asubuhi kabla ya jua kali, na limalizike wakati mnyama angali anatii, asije akajifunza kwamba kugoma ndiko kunakoleta mapumziko. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, na katika msimu wa kwanza asipewe siku nzima ya kulima.

Nne ni maneno. Amri ziwe chache: ya kwenda, ya kusimama, ya kugeuka kulia na ya kugeuka kushoto. Ziwe zile zile kila siku na kwa sauti ile ile. Leo baba akitumia neno hili na kesho mtoto akatumia jingine, mnyama hana kosa anapoduwaa.

Tano, na hili ndilo linalosahauliwa zaidi, ni kumjua kila mnyama peke yake. Wapo wepesi wa kushituka, hao wapunguziwe kelele na watu wa kuwazunguka. Wapo wavivu wanaotegea, hao wasiachwe mwenzao abebe nira peke yake. Wapo wanaopenda upande wa kulia na hufadhaika wakibadilishwa. Jozi ichaguliwe kwa kulingana kimo, nguvu na mwendo. La sivyo nira hukaa upogo, mmoja akaumia shingo na mwingine akalegea. Na nira yenyewe ichongwe ikalainika, kwa kuwa kidonda cha mbele ya nundu humfanya maksai aliyehitimu aonekane kama hakuwahi kufunzwa. Mwalimu wa madrasa anayewapa wanafunzi wote somo moja kwa kasi moja hupoteza nusu ya darasa, na mwenye maksai hali yake ni hiyo hiyo.

Ndugu msomaji, faida ya haya si huruma peke yake, ijapokuwa huruma ingetosha. Iko faida katika nyumba. Maksai waliofunzwa kwa pupa huhitaji watu watatu: mmoja wa kushika plau, mmoja wa kuchapa, na mtoto wa kutangulia mbele. Mtoto huyo ndiye anayekosekana darasani mwezi Januari, shule zinapofunguliwa huku mashamba yakiwa bado yanalimwa. Maksai waliofunzwa vyema huweza kuongozwa na mtu mmoja au wawili kwa sauti. Kwa maneno mengine, majuma machache ya subira katika kiangazi yanaweza kumrudishia mtoto muhula wake wa masomo.

Iko faida nyingine kwa akina mama. Kaya nyingi za Usukumani hulima kwa ng'ombe lakini hupalilia kwa jembe la mkono, na mzigo wa palizi huwaangukia wanawake. Jembe la palizi la kukokotwa lipo, lakini haliwezi kutumiwa na maksai anayekwenda shaghalabaghala. Kupita katikati ya mistari ya mahindi au pamba bila kuikanyaga kunahitaji mnyama mtulivu, aliyefungwa kikapu mdomoni asile mazao, anayesikia neno na kulifuata. Kwa hiyo fimbo inayompiga maksai Novemba humpiga mama mgongoni mwezi Januari.

Kwa nini basi tunaharakisha? Sababu moja ni kwamba mikono yenye subira imepungua. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu, Kahama, mwaka 2001, na pembeni yake machimbo madogo ya Nyarugusu, Mgusu na kwingineko yakiendelea kuvuta watu, kijana wa eneo hili amekua akiona kwamba utajiri unaweza kutoka chini ya duara moja katika usiku mmoja. Hatuwalaumu wanaotafuta rizki ya halali. Lakini mazoea ya dhahabu yameingia hata zizini: kijana huja kulima kwa wiki mbili, anataka ng'ombe afanye kazi leo ili kesho arejee machimboni. Hakuna karasha la kusaga tabia ya mnyama ikatoka unga kwa siku moja. Tabia hujengwa kidogo kidogo.

Sababu nyingine ni njaa ya mnyama mwenyewe. Kiangazi cha Shinyanga ni kirefu, na kazi ngumu huanza wakati ng'ombe amekonda kuliko wakati wote. Mara nyingi tunamwita mvivu mnyama ambaye hana nguvu tu. Wazee wa Kisukuma walilijua hilo wakabuni ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafunguliwe kiangazi kwa ajili ya ndama, wagonjwa na maksai. Desturi hiyo ilidhoofika, miti ikakatwa, na Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliojengwa juu ya desturi ile ile. Wakati huo ngitili zilizokuwa zimehesabiwa zilikuwa za takriban hekta 600. Ilipofika mwaka 2004 ilikadiriwa kwamba zimefikia hekta 350,000. Ardhi iliyodhaniwa imekufa ilirudi kwa sababu watu waliiacha ipumzike. Mkulima mwenye ngitili atawalisha wanafunzi wake kabla ya kuwafunza, na anayewashindisha njaa asitarajie utii.

Hatuwezi kumaliza bila kumtaja punda, mbebaji wa maji na magunia katika vijiji vyetu. Shinyanga ilipata kuwa na machinjio ya punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, hadi Tanzania ilipopiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2022. Mwezi Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika nao waliafikiana kuizuia biashara hiyo barani kote. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, hivyo idadi yao huchukua muda mrefu kurejea. Hii ni sababu zaidi ya kumtunza aliyepo. Punda wa mwaka mmoja na nusu asifungwe mkokoteni kwa hoja kwamba mama yake alikuwa hodari. Naye apitishwe katika hatua zile zile: mkono, kamba, mwendo, mzigo mwepesi, na mzigo kamili baada ya kukomaa.

Tukumbuke pia kwamba nchi yetu inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Lakini askari hawezi kusimama katika kila shamba la Meatu au Bukombe. Huko shambani shahidi ni Yule asiyesinzia. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, akamkuta ngamia anayetokwa na machozi. Akampapasa hadi akatulia, kisha akamuuliza mwenyewe kama hamwogopi Mwenyezi Mungu kuhusu mnyama huyo aliyemmilikishwa, kwani amelalamika kwamba anashindishwa njaa na kuchoshwa. Bila shaka sisi hatuisikii lugha ya maksai wetu. Lakini kidonda cha shingo, mbavu zinazohesabika na mguu unaotetemeka mbele ya nira ni malalamiko yanayosomeka na kila mwenye macho.

Basi tunawausia wafugaji na wakulima: mwenye ndama wa kumwingiza nirani mwakani aanze naye sasa, kwa kumgusa, kumwita jina na kumlisha. Wazee waliobaki na ujuzi huu wawaite vijana zizini kabla ya mvua, wawaoneshe kwa vitendo. Na maimamu wa vijijini walitaje jambo hili katika hotuba za mwanzo wa msimu, maana amana ya mnyama ni sehemu ya dini yetu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie subira katika kazi zetu na huruma kwa vile alivyotumilikisha. Wabillahi tawfiq.