Uvumi, Uchochezi na Hasira ya Umma Katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno mawili yanayotajwa kila ghasia zinapozuka Kisumu na katika mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Kenya: uvumi na uchochezi. Yote mawili yametokana na vitenzi vya kawaida. Kuvuma ni kutoa sauti kama ya upepo au ngoma. Husikika mbali, na asili yake haionekani. Kuchochea ni kusukuma kuni ili moto uwake zaidi. Maana hii ya pili yafaa izingatiwe, kwani anayechochea haleti moto; huukuta mekoni. Siku hizi mitandao ya kijamii ndiyo inayoshtakiwa kwa uchochezi. Historia ya Kisumu yaonyesha kwamba shtaka hilo ni nusu tu ya ukweli.

Tom Mboya aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Tarehe 25 Oktoba mwaka uo huo, Rais Jomo Kenyatta alifika Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ambayo wenyeji waliizoea kwa jina la "Russia". Wafuasi wa KPU, chama cha Oginga Odinga, walipaza sauti: "Dume!" Fahali ndiye aliyekuwa nembo ya chama. Rais alijibu kwa Kiswahili kikali, Odinga akiwapo. Ghasia zikazuka, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Tarehe 30 Oktoba KPU ikapigwa marufuku. Simu ya mkononi haikuwapo; hotuba na midomo ya watu vilitosha, kwa kuwa kuni zilikuwa zimekwisha kukauka tangu Julai.

Matokeo ya uchaguzi wa Rais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Penye kimya uvumi hupata nafasi, na ujumbe mfupi wa simu ukaujaza. Maduka ya Kisumu yaliporwa na kuchomwa; na Tume ya Jaji Waki ilieleza baadaye kuwa wengi wa waliouawa mjini humo walikufa kwa risasi. Januari 2008 Wakenya kadhaa walianzisha katika intaneti chombo cha kukusanya habari za raia na kuzionyesha kwenye ramani, wakakiita Ushahidi. Jina hilo lilifaa: shahidi huweza kuulizwa, uvumi hauna wa kuulizwa.

Mwezi Juni 2025 mwalimu kijana, mwenyeji wa Homa Bay, alikamatwa kwa ajili ya maandishi ya mtandaoni yaliyomhusu afisa mkuu wa polisi, akapelekwa Nairobi, akafa kizuizini. Polisi walisema kwanza kuwa alijigonga ukutani. Uchunguzi wa madaktari ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo. Habari zikaenea nchini kote upesi, na mwezi Julai waombolezaji wakakichoma kituo cha polisi cha Mawego, alikozuiliwa kwanza. Mtandao uliongeza kasi, ukapunguza muda wa kuuliza na kujibiwa. Lakini kilichowaka ni pengo kati ya kauli ya wenye mamlaka na yaliyoonekana mwilini mwa marehemu.

Sheria ya mwaka 2008 inakataza matamshi ya chuki, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno ya hatari, "madoadoa" likiwa mojawapo. Orodha hiyo ina manufaa, bali haitoshi. Kamusini madoadoa ni alama tu, na dume ni mnyama. Sumu huingia kutokana na msemaji, wakati na msikilizaji. Yawapasa wanaleksikografia waandike matumizi hayo pamoja na mazingira yake. Nayo serikali itakayo kuzima moto haina budi kutazama kuni kabla ya kumsaka mchochezi.