Chakula cha Jioni cha Samaki: Kazi Huanzia Pwani



Leo twapenda kusema juu ya jambo la jikoni: wali, mchuzi wa samaki na mchicha, chakula cha jioni ambacho kila mtu hudhani akijua. Mfano wetu twautoa Bagamoyo, ng'ambo yetu ya Mrima, kilomita 70 hivi kaskazini ya Dar es Salaam.

Bagamoyo samaki huuzwa kwa mnada ufukweni, na karibu yake wakaangaji wana karai zao za mafuta motoni. Desturi hii ina maana kubwa, kwani samaki hana subira katika joto la pwani. Kila saa akaayo juani ni hasara kwa mnunuzi.

Sisi ni watu wa viungo, basi yafaa tuambizane kweli. Wako wadhanio kuwa samaki aliyelegea aweza kuokolewa kwa karafuu, bizari na pilipili nyingi. Sivyo. Vibua, jodari na nguru wakikaa katika joto, vijidudu hufanya katika nyama yao sumu iitwayo histamini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, kukaangwa wala kugandishwa, na pengine samaki hanuki kabisa. Mlaji huwashwa, uso humwiva, kichwa humuuma na huenda akatapika, mara nyingi kabla ya saa moja kupita. Akipata taabu ya kupumua, apelekwe hospitali upesi.

Kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza: samaki huyu ametoka majini lini, na amewekwa wapi? Kisha atazame. Macho yawe maangavu, mashavu yawe mekundu kwa ndani, na nyama ikibonyezwa irudi. Safari ikiwa ndefu, samaki atiwe barafu tangu pale pale anaponunuliwa. Kama barafu hakuna, akaangwe mara moja.

Miezi ya masika, Machi hata Mei, mchicha, matembele na majani ya kunde hustawi na kuwa rahisi. Lakini kusi ikianza kuvuma bahari huchafuka, na samaki huwa haba na ghali. Basi wakati huo tuzidishe mboga, na samaki tumtunze.

Kwa watu sita, tayarisha changu kilo 1, mchele vikombe 3, nazi 2, nyanya 3, vitunguu 2, ndimu 1, bizari ya manjano kijiko 1 cha chai, na mchicha mafungu 3.

Mpare samaki, mtoe matumbo na mashavu, mkate vipande, umtie chumvi na nusu ya ndimu. Kisha bandika wali kwa maji vikombe 5, chumvi, na karafuu punje 2. Mbili zatosha, zaidi ya hapo hutasikia ladha nyingine. Maji yakikauka, funika sufuria, upalie makaa juu, uisogeze kando.

Moto ule ule sasa ni wa mchuzi. Bandika tui la pili pamoja na vitunguu, nyanya na bizari, ukikoroga mpaka lichemke, lisije likakatika. Nyanya zikilainika tia samaki, umwache dakika 10 bila kumvuruga. Mwisho tia tui zito, ukibakisha kidogo kwa mchicha, na punguza moto. Likitaka kuchemka epua, ukamulie ndimu iliyobaki.

Mchicha uoshe mara tatu, kwani mvua huurushia udongo. Upike kwa maji yake mwenyewe dakika chache, utie chumvi na lile tui lililobaki. Ukiwiva, wali nao utakuwa umeiva.

Karafuu yetu ni nzuri, ndugu wanachama, lakini haifufui samaki. Anayemtuma mtoto pwani ampe na kikapu chenye barafu.