Majirani walimchangia tarumbeta, akaja kuwa mwalimu wa Quincy Jones

Kelele ziliwachosha. Mtoto wa mtaani kwao alikuwa akipuliza dude alilolitengeneza mwenyewe: mpira wa kumwagilia bustani, faneli upande mmoja, na kipande cha bomba la risasi kikiwa mdomo wa kupulizia. Majirani wangeweza kulitupa jalalani. Badala yake wakachanga dola 12.50, wakamnunulia tarumbeta kuukuu kutoka duka la rehani.

Mtoto huyo ni Clark Terry. Alizaliwa Desemba 14, 1920 mjini St. Louis, jimbo la Missouri nchini Marekani, akiwa wa saba katika familia maskini yenye watoto 11. Alikuwa na miaka kama 10 alipoisikia bendi ya Duke Ellington, na tangu hapo hakutaka kitu kingine.

Chombo kilipatikana. Mwalimu ndiye alikuwa kazi. Terry alimwendea mpiga tarumbeta mmoja mzee, akamuuliza afanyeje ili atoe sauti nzuri. Mzee akamwambia akakae mbele ya kioo, apulize huku akijitahidi kuchezesha sikio lake la kushoto. Kijana aliamini na akajaribu. Ilikuwa danganya toto tu. Wapo wanamuziki wa enzi hizo waliobana ujuzi wao, wakihofia kwamba kijana wanayemfundisha leo kesho atawapokonya kibarua. Terry alikisimulia kisa hicho hadi uzeeni, akisema ndicho kilichomfanya aamue kutomnyima kijana yeyote anachokijua.

Naye hakuwa malaika. Kijana mmoja mwembamba alipomfuata kwenye sherehe huko Carbondale, Illinois, akitaka kuzungumzia tarumbeta, Terry alimfukuza kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa wasichana. Baadaye alimsikia akipiga kwenye klabu, akagundua ni yuleyule. Jina lake Miles Davis. Wakawa marafiki.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Terry alipiga katika bendi ya jeshi la majini karibu na Chicago. Mwaka 1948 aliingia kwa Count Basie, na kuanzia 1951 hadi 1959 akawa kwa Duke Ellington yuleyule aliyemsikia utotoni. Katika swing, jazi ya bendi kubwa iliyokuwa ikijaza kumbi za dansi, hapakuwa na majina makubwa kuliko hayo mawili.

Akiwa na Basie jijini Seattle, alifuatwa na mwanafunzi wa shule aliyetaka kufundishwa. Tatizo lilikuwa muda: Terry alifanya kazi usiku, kijana alikuwa shuleni mchana. Wakakubaliana alfajiri. Terry alirudi kutoka ukumbini, akalala kidogo, kisha mtoto wa watu anagonga mlango kabla ya kwenda darasani. Huyo alikuwa Quincy Jones. Mwaka 1959 Terry alimwacha Ellington na kwenda kupiga katika bendi ya mwanafunzi wake huyo.

Mwaka 1960 kituo cha televisheni cha NBC kilimwajiri, akawa mwanamuziki wa kwanza mweusi katika waajiriwa wake wa kudumu. Kazi ya studio haina mbwembwe za jukwaani. Unakuta nota hujawahi kuziona, unazisoma, unarekodi, unaondoka. Anayekosea anachelewesha watu wote, na Terry alijua kwamba makosa yake yangehesabiwa kwa weusi wote waliotaka kumfuata. Alidumu. Alipiga katika bendi ya The Tonight Show hadi kipindi hicho kilipohamia California mwaka 1972. Mwaka 1964 alirekodi na Oscar Peterson wimbo wa utani, Mumbles, anaoimba kwa kubwabwaja maneno yasiyoeleweka, nao ukampa umaarufu kuliko kazi zake nyingi nzito.

Uzeeni kisukari kilimpunguzia uwezo wa kuona na hatimaye akakatwa miguu yote miwili. Hata hivyo hakuacha kufundisha. Mpiga piano Justin Kauflin, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 11, alikuwa akikaa kando ya kitanda chake usiku kucha. Mzee anaimba kipande cha muziki kwa mdomo, kijana anakirudia, anasahihishwa, wanaanza upya. Mwanafunzi mwingine wa Terry, mpiga ngoma Alan Hicks kutoka Australia, aliwarekodi kwa filamu ya Keep On Keepin' On iliyotoka mwaka 2014.

Katika filamu hiyo Quincy Jones anakwenda kumjulia hali mwalimu wake na kumkuta Kauflin pale. Akamsikiliza, akamchukua kwenye ziara zake, kisha akasaidia kutengeneza albamu yake, Dedication. Terry alifariki dunia Februari 21, 2015 huko Pine Bluff, Arkansas, akiwa na miaka 94.